Kariakoo na Historia ya Kuonja

Mpishi wa nyumbani atokaye Unguja kwa boti ya asubuhi, akashuka bandarini Dar es Salaam na kikapu chake mkononi, hana safari ndefu ya kufika Kariakoo. Atapita Uhindini, ambako harufu ya bajia na bizari itamfanya adhani kuwa bado yuko Darajani; atakata uwanja wa Mnazi Mmoja; kisha ataingia katika mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, na hapo ndipo pua yake itakapoanza kukutana na mambo isiyoyajua. Liko gunia la majani makavu yaliyokunjamana, meusi, ambayo mgeni angeweza kuyadhania majani ya chai. Wako migebuka wa Kigoma, samaki wa maji baridi waliobanikwa hadi wakashika rangi ya mkaa. Yako mafuta mekundu ya mawese katika chupa zilizokuwa za maji. Iko mizizi myembamba kama vidole vya mtoto, na liko beseni la wadudu wa kukaanga ambao muuzaji anawapima kwa kikombe. Akiinua macho asome kibao cha mtaa, atasoma Narung'ombe, au Mahiwa.

Majina hayo si ya miti wala ya wazee wa mji. Narung'ombe na Mahiwa ni mahali katika mkoa wa Lindi wa leo palipopiganwa baina ya Waingereza na Wajerumani, pa kwanza mwezi Julai na pa pili mwezi Oktoba, mwaka 1917. Na Kariakoo yenyewe, kama wengi wajuavyo, ni matamshi yetu ya Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam Septemba 1916 walikuta kando yake jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga na halijaanza kutumika. Wakaligeuza kambi ya wapagazi. Watu hulisimulia jambo hili kama kichekesho cha lugha: tazama tulivyolitafuna neno la Kizungu. Mimi naona ndani yake jambo jingine, linalomhusu moja kwa moja yule mpishi mwenye kikapu. Wengi wa watu walioliachia soko hilo jina lao walikufa, na miongoni mwa vilivyowaua ni chakula wasichokizoea.

Ili tuelewe, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwenye neno posho. Katika misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mpagazi alipewa posho kila siku. Mara ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, mara ilikuwa kipande cha nguo au shanga, naye mwenyewe akaenda kijijini kununua alichokitaka. Wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vya kula pamoja, kila kikundi na chungu chake na zamu zake za kuni na maji. Katika misafara ya Wanyamwezi walikuwamo pia wanawake, wengine wake wa wapagazi, waliobeba vyombo na kupika njiani. Kwa hivyo mtu aliyekuwa akivuka nchi tano alikula vyakula vya nchi tano, lakini alivila kwa hiari yake, akivinunua kwa aliyevilima na kumwuliza vinapikwaje. Msafara ulikuwa na taabu zake nyingi, na sitaki kuupamba. Lakini katika jambo hili la chakula, mpagazi alikuwa na neno lake.

Carrier Corps iliibakisha posho kwa jina tu. Watu walikusanywa kutoka kila upande, wengi kwa nguvu, hasa katika mwaka ule wa 1917 ambapo jeshi lilitaka mabega zaidi kuliko nchi ilivyoweza kutoa. Kati yao walikuwamo watu wa ndizi, watu wa mtama na uwele, watu wa wali na nazi. Wote wakapewa unga wa mahindi. Si kwamba mahindi ni sumu. Watu wa nchi nyingi walikuwa wakiyala kwa furaha. Lakini unga uliosagwa kwa haraka, wenye chembe nene, hutaka sufuria kubwa, maji ya kutosha, kuni kavu na muda mrefu motoni. Mpagazi alifika kambini magharibi, mvua ikinyesha, mgongo umechubuka, sufuria moja kwa watu wengi, kuni zimelowa. Alikoroga, ukatokota kidogo, akala. Madaktari wa jeshi wenyewe waliona kwamba uji ule usioiva ulikuwa ukiyakwaruza matumbo ya watu ambao tangu kuzaliwa hawakuwahi kuula, na kuharisha kukafuatwa na kuharisha damu. Mkuu wa kazi hiyo ya wapagazi, Oscar Watkins, alipigania wapewe chakula bora na mablanketi. Vita vilikuwa na haraka yake, na mara nyingi haraka ilishinda. Takwimu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Risasi iliua wachache tu kati yao. Wengi waliuawa na maradhi ya tumbo, homa na vichomi.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonesha mwenye bunduki. Kule Nairobi, katika kumbukumbu ya vita hivyo hivyo, mpagazi naye ametiwa katika shaba, kando ya wapiganaji. Dar es Salaam hana sanamu, ana soko.

Nimelirefusha jambo hili kwa sababu nadhani linatufunza namna ya kulitazama gunia la majani meusi. Tumezoea kusema kuwa chakula kigeni kina hatari. Lakini ukifuatilia habari za vyakula duniani utaona kuwa hatari, mara nyingi, huja pale chakula kinapotengana na mtu anayekijua. Chukua hayo hayo mahindi. Jina lake linadai kuwa yametoka Uhindi, na kumbe asili yake ni Meksiko, yakaletwa pwani yetu baada ya Wareno kufika. Wanawake wa Meksiko, tangu kale, huyachemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga. Hawakuwa na maabara ya kuwaambia kuwa chokaa huifungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Waliirithi kazi hiyo kwa mama zao. Punje zikavuka bahari kwenda Uhispania na Italia, chokaa ikabaki nyumbani. Mwaka 1735 tabibu mmoja wa Uhispania, Gaspar Casal, akaeleza ugonjwa mpya uliowapata maskini waliokula mahindi na karibu kitu kingine hawana: ngozi kukwajuka, tumbo kuharibika, akili kupotea. Ndio uliokuja kuitwa pelagra. Zao lilisafiri, mpishi wake hakualikwa.

Hata huku kwetu tunao mfano, tena si wa zamani. Mhogo mchungu una sumu, na kila kijiji kinacholima mhogo huo kinajua namna ya kuitoa: kumenya, kuroweka, kuuvundika, kuuanika, siku baada ya siku. Mwaka 1985, wilayani Tarime, ukame uliwaacha watu na mhogo mchungu peke yake, na njaa ikawafanya wazifupishe siku hizo. Watu wakapooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Madaktari wakautambua ugonjwa unaoitwa konzo, ambao ulikuwa umeelezwa kwanza nchini Kongo. Mhogo ulikuwa ule ule wa mababu. Kilichokatwa ni muda, na muda ni sehemu ya mapishi kama chumvi.

Baada ya vita vile, mwaka 1923, jengo la Kariakoo likaanza kutumika kwa kazi liliyojengewa. Pembeni mwake mji wa Waafrika ulikuwa ukikua katika viwanja vilivyopimwa, na katika viwanja hivyo ikasimama nyumba ambayo hadi leo twaiita nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma yake uani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Mwingereza J. A. K. Leslie, ambaye uchunguzi wake juu ya maisha ya mji huu ulichapishwa mwaka 1963, aliyaeleza maisha ya nyumba hizo kwa kirefu. Lakini alikuwa mtu wa serikali, na macho yake yalitazama zaidi kodi, kazi na mishahara. Natamani angekaa uani kwa muda mrefu zaidi.

Maana uani ndiko kulikokuwa na madrasa ya kuonja. Wapangaji sita, mafiga sita, bomba au kisima kimoja. Mzaramo anakuna nazi. Kando yake mke wa Mmanyema, wale watu wa mashariki ya Kongo ambao Kariakoo wana hata msikiti wenye jina lao, anatia mawese kwenye maharage, na uani pote panakuwa na harufu ambayo mtu wa pwani hakulelewa nayo. Mluguru ameleta magimbi ya milimani. Mnyamwezi anatwanga karanga. Hakuna anayeweza kupika kwa siri uani. Moshi hauna mlango. Leo mmoja anaomba chumvi, kesho anarudisha kibakuli chenye kitu ndani yake, kwa sababu si adabu kurudisha chombo kitupu. Katika kibakuli hicho kilichorudishwa ndimo mlimosafiri mlenda, mtori, kisamvu cha karanga na samaki wa nazi, kutoka kabila hadi kabila, bila ya amri ya mtu yeyote. Na kila kibakuli kilikuja na maelezo yake. Aliyekipika alikuwa hatua nne kutoka hapo. Ukimwuliza umeutiaje, anakujibu huku anapepeta mchele.

Wapenda lugha watakumbuka kuwa mwiko wetu una maana mbili: kile kijiti cha kusongea ugali, na lile jambo lisilofanywa. Uani, mwiko wa kwanza ulikuwa ukiuvunja ule wa pili kila siku.

Serikali nayo ilikuwa na fikra zake juu ya nani ale nini. Katika vita vya pili vya dunia na miaka iliyofuata, chakula kilipoadimika, ugawaji ulifuata rangi ya mtu. Mchele na ngano vilihesabiwa kuwa riziki ya Mzungu, Mhindi na Mwarabu. Mwafrika alihesabiwa kuwa ni mla mahindi, hata kama alizaliwa Kariakoo katika nyumba ambayo wali ulipikwa kila Ijumaa. Watu walilalamika, na wako waliotaka kubadilishiwa kabila katika karatasi ili wapate mchele. Nasi visiwani hatukusalimika na mgao wa namna hiyo. Jambo hili lastahili kukumbukwa kila mtu anaposema kwa wepesi kuwa "sisi chakula chetu ni hiki, wao chao ni kile". Ulikuwapo wakati ambapo maneno hayo yaliandikwa kwa muhuri wa serikali.

Miaka ya shida ya 1970 na 1980 ilileta mgeni mwingine kwa lazima: unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu wakauita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ile ya Jangwani, na washabiki wa Simba wa Mtaa wa Msimbazi wakaula kama wengine, kwa uchungu wa aina mbili. Huo ulipikwa vizuri, haukuua mtu kwa upishi, lakini haukupendwa, na waliouona hawausahau. Nasema hivi kwa kuwa wako wanaodhani kuwa mtu maskini hana ladha, na kwamba mwenye njaa hula lolote akashukuru. Aliyepanga foleni tangu alfajiri kwa kilo mbili za unga wa njano bado alijua kuwa dona ya kwao ni tamu zaidi.

Katika miaka hiyo hiyo walikuwako wanawake waliokuwa wakiilisha Dar es Salaam barabarani, mama ntilie, ambao jina lao lilitokana na kauli ya wateja: mama, nitilie. Sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983 iliwageuza wachuuzi wasio na vibali kuwa watu wa kukimbizwa, na mama ntilie akakimbizwa pamoja nao, masufuria kichwani. Alirudi kila mara. Uani uliokuwa ndani ya nyumba yeye aliutoa nje, ukutani mwa soko.

Sasa nije kwetu sisi watu wa pwani na visiwa, kwa kuwa tuna kiburi fulani cha chungu. Mboga za bara tumeziita majani ya mbuzi. Mlenda tumeucheka ilhali bamia tunaila. Msomaji wa tenzi anamjua Fumo Liyongo kifungoni: mama yake akampelekea mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa, walinzi wakaila ile mizuri, ule wa wishwa wakamwachia mfungwa kwa dharau, na ndani yake mlikuwa na tupa ya kukatia pingu. Muhamadi Kijumwa, aliyeutunga utendi huo mwanzoni mwa karne ya 20, hakuhitaji kueleza kwa nini walinzi hawakuugusa mkate ule. Kila msikilizaji wa pwani alielewa.

Na huo mchele tunaojivunia nao, je, ni wetu tangu lini? Wachimbaji wa mambo ya kale wameokota nafaka zilizoungua katika majaa ya Pemba. Huko Tumbe, katika makazi ya karne ya 7 hadi ya 10, nafaka iliyotawala ni uwele. Chwaka ya Pemba, iliyofuata kuanzia karne ya 11, mchele umepanda juu na uwele umeshuka. Baina ya majaa hayo mawili pana vizazi vya wapishi ambao majina yao hatutayajua kamwe, na kila mmoja wao alisimama siku moja mbele ya punje nyeupe zilizotoka ng'ambo ya bahari akauliza zinatiwa maji kiasi gani. Lazima alikuwako wa kumjibu: baharia, mke wa baharia, mtumwa, jirani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe, akavieleza kwa makini kama mtu anayetaka kwenda kuvipika. Ndizi, wali, maembe, hata minazi yetu: vyote asili yake ni Asia. Ukiviondoa vilivyokuja kwa bahari kutoka mashariki, kisha ukaondoa mahindi, mhogo, karanga, pilipili, nanasi na papai vilivyotoka Marekani, sinia ya Mswahili itabaki na uwele, mtama, kunde, ubuyu na samaki. Kwa maneno mengine, itabaki na vile vile ambavyo leo tunavisema ni vya watu wa bara.

Njia za kufikia Kariakoo zimekuwa zikiongezeka. Reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyomleta mgebuka na mawese. Ya Mwanza, mwaka 1928, ikafungua ziwa jingine. Kusini palichelewa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika barabara ikakatika. Mtu wa Mtwara aliyetaka ming'oko mjini alisubiri mgeni. Ming'oko ndiyo ile mizizi myembamba kama vidole niliyoitaja juu, kiazi cha porini ambacho wanawake wa Lindi na Mtwara hukichimba, hukichemsha kwa chumvi na kukiuza kando ya barabara. Hakina masharti. Lakini porini humo humo mna ndiga, kiazi kingine chenye sumu, ambacho watu wa pwani ya kusini walikila wakati wa njaa baada ya kukikata vipande na kukiroweka siku kadhaa. Mgeni hawezi kutofautisha kwa macho yake. Anayechimba anaweza, naye ndiye unayepaswa kununua kwake.

Juu ya senene wa Bukoba nitasema machache. Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, nao huja Kariakoo wakiwa wamekwisha kung'olewa mabawa na miguu na kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Zamani Wahaya walikuwa na mila ya kushangaza: wanawake ndio waliowakamata na kuwaandaa, lakini walikatazwa kuwala, waliwapelekea waume zao na waume wakawashukuru kwa nguo mpya. Mila hiyo imelegea, na naambiwa kuwa nguo bado zinadaiwa. Kwa msomaji anayeuliza kuhusu uhalali, habari ya nzige inajulikana. Kama senene ni katika nzige au la, namwachia yeye na sheikh wake.

Majani meusi, nayo, yanaitwa nsansa. Nilinunua kibaba changu cha kwanza ndani ya soko, ghorofa ya chini, kwa mama wa makamo aliyetoka Shinyanga.

"Shikamoo mama. Haya ni majani gani?"

"Marahaba mwanangu. Ya kunde hayo. Yamechemshwa, yakaanikwa juani."

"Yanapikwaje?"

Hakunijibu. Aliniuliza, "Wewe kwenu wapi?" Nikamwambia Unguja. "Na kwenu majani ya kunde mnayapika na nini?" Nikasema nazi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mwalimu aliyempata mwanafunzi mwenye msingi. "Basi karanga ndiyo nazi yetu." Kisha akanieleza: niyaoshe maji matatu kwa sababu ya mchanga, niyaroweke mpaka yalainike, niyachemshe bila ya haraka na magadi kidogo tu, mengi yatayafanya yateleze, karanga ziwe zimetwangwa, zisiwe za kusagwa mashineni, niziongeze mwisho na moto uwe mdogo. Na nisiyaonje saa ile ile. Niyaache yapoe, niyapashe tena.

Nilifanya alivyosema. Ladha yake si ya majani mabichi ya kunde tunayoyajua. Ina kitu cha jua ndani yake, na uchachu wa mbali, na karanga inaibeba kama nazi inavyombeba changu. Siku ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Nyumbani walikula kimya, jambo ambalo kwetu ni sifa.

Soko lile, la zege, lenye paa la miavuli inayokusanya maji ya mvua, ni kazi ya msanifu Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975 badala ya lile la Wajerumani. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Magazeti yalihesabu mali iliyoteketea, ndivyo inavyostahili. Serikali ikaanza kulikarabati na kujenga jengo jingine kando yake. Wauzaji walitawanyika katika masoko mengine na barabarani. Hasara ya wapishi haikuandikwa popote, wala sidhani ingeweza kupigiwa hesabu. Mlenda mkavu waweza kuupata katika pakiti, jina limechapwa vizuri, uzito upo, tarehe ya mwisho ipo. Kwamba uoshwe mara ngapi, na uchemke kwa muda gani, mara nyingi haikuandikwa.

Miezi baadaye nilimwulizia mama wa nsansa kwa wauza dagaa. Mmoja akasema yuko Kisutu, mwingine akasema amerudi Shinyanga. Nilimpata Buguruni, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, gunia mbele yake. Alikuwa na mteja, dada mmoja ambaye kwa lafudhi yake nilimdhania Mchaga, ameshika majani yale mkononi na kuyanusa. Nilisubiri zamu yangu.

"Na kwenu," mama alikuwa akimwuliza, "mnapika na nini?"